Mafuta ya usukani: Kazi ya asubuhi moja inayookoa pampu ya pikapu

MKULIMA mmoja wa kabeji na viazi katika eneo la Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, alidhani ameyamaliza matatizo ya pikapu yake aina ya Toyota Hilux aliponunua pampu ya usukani iliyotumika katika barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mahali ambapo wengi hupaita Grogan hadi leo.

Pampu ya kwanza ilikuwa ikilia kila alipokata kona, na usukani ulikuwa mzito asubuhi, saa ambazo Kinangop huwa na baridi ya kuuma vidole. Fundi aliing'oa, akafunga ile nyingine, akajaza mafuta yaliyokuwa yamepungua na kumrudishia gari lake. Haikupita miezi mitatu kabla ya kilio kuanza tena, safari hii akiwa barabarani na shehena ya kabeji kuelekea soko la Wakulima.

Fundi wa pili aliyempelekea gari hakushika spana. Alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya usukani, akachovya ncha ya karatasi nyeupe na kumwonyesha mwenye gari. Mafuta ambayo yangestahili kuwa mekundu yaliacha doa jeusi lenye harufu ya kitu kilichoungua. Chini ya kikopo, chujio lilikuwa limezibwa na utelezi kama wa tope. Kwa maneno mengine, pampu ya pili ilikuwa imenyweshwa uchafu ule ule ulioiua ya kwanza.

Kisa kama hiki si kigeni katika karakana za jua kali. Wenye magari wengi hubadilisha oili ya injini bila kukosa, wengine hata huandika tarehe kwenye kibandiko, lakini mafuta ya usukani hukaa humo tangu gari lilipoletwa nchini. Sababu moja ni kwamba vitabu vingi vya magari humtaka mwenye gari akague kiwango cha mafuta hayo tu, wala havisemi yamwagwe baada ya kilomita ngapi. Mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya kilomita 80,000 hivi, na mapema zaidi kwa gari linalobeba mizigo mizito kwenye barabara mbovu.

Ili kuelewa kwa nini mafuta haya huchoka, yafaa kujua kazi yake. Injini huzungusha pampu ndogo kwa kutumia mshipi. Pampu hiyo huyavuta mafuta kutoka kwenye kikopo na kuyasukuma kwa nguvu hadi kwenye reki au sanduku la usukani, ambako humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Kisha mafuta hurudi kikoponi kupitia mpira wa pili, na safari huanza upya. Mpango huu si mpya. Mmarekani Francis Davis aliuonyesha kwenye gari la Pierce-Arrow katika miaka ya 1920, na kampuni ya Chrysler ikawa ya kwanza kuuza gari dogo la abiria lenye usukani wa aina hiyo mwaka wa 1951.

Nguvu inayopita humo si ndogo. Tairi la gari la kawaida hujazwa upepo wa kipimo cha kati ya 30 na 35 kwenye geji ya petroli stesheni. Dereva anapozungusha usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo, kipimo ndani ya mpira wa pampu kinaweza kupita 1,000 kwenye geji hiyo hiyo. Mafuta hupata joto, sili za mpira huchakaa polepole, na vumbi la chuma kutoka kwenye pampu huchanganyika nayo. Tofauti na oili ya injini, mafuta haya katika magari mengi hayana filta ya kubadilishwa. Kilichopo ni chujio dogo la wavu chini ya kikopo, na wengi hawajui kwamba lipo.

Wanaokumbuka pikapu za Peugeot 504 watasema walibeba viazi miaka na mikaka bila kuhangaika na mafuta haya. Ni kweli, kwa kuwa nyingi kati yazo hazikuwa na pampu yoyote ya usukani. Kilichofanya kazi ni mikono ya dereva.

Jambo la kwanza kwa mwenye gari, basi, ni kufungua boneti na kuthibitisha kwamba gari lake linatumia mafuta. Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni husaidiwa na mota ya umeme. Toyota Vitz ni mfano mmoja. Hata ukitafuta kikopo kuanzia asubuhi hadi jioni hutakiona. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, magari mengi madogo yanayoshuka Mombasa sasa ni ya umeme upande wa usukani. Lakini mashambani na kwenye barabara za soko, kazi kubwa bado hufanywa na pikapu, lori ndogo na matatu za zamani, na huko mafuta bado yanatawala.

Fundi akikuambia anataka kubadilisha mafuta ya usukani ya gari lisilo na kikopo wala pampu, muulize anakusudia kuyaweka wapi.

Chupa ipi inunuliwe?

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Toyota nyingi za zamani zenye pampu, zikiwemo Hilux, hutumia mafuta ya ATF yenye maandishi Dexron II au Dexron III, yale yale mekundu yanayotiwa kwenye giaboksi za otomatiki za wakati huo. Magari mengi ya Isuzu na Subaru ya enzi hizo pia hutumia ATF ya namna hiyo. Honda ina mafuta yake yenyewe ya usukani na huonya watu wasitie ATF. Magari kadhaa kutoka Ulaya hutumia mafuta ya kijani ambayo hayapaswi kuchanganywa na yale mekundu. Kwenye BMW, kwa mfano, kifuniko cha kikopo chenyewe huandikwa kama ni ATF au ni CHF 11S.

Kwa hivyo asiye na kitabu cha gari aanze kwa kusoma kifuniko. Kama maandishi yamefutika, aende kwa wakala wa gari hilo au kwa duka la vipuri linaloaminika akiwa na nambari ya chesisi. Kubahatisha kwa rangi pekee hakutoshi, kwa kuwa huenda mwenye gari wa awali alitia kitu kingine.

Kuna kosa moja ambalo halina msamaha: kutia mafuta ya breki. Chupa zake hufanana, hukaa rafu moja dukani, na kikopo chake kiko chini ya boneti ile ile. Sili za usukani zimetengenezwa kuvumilia mafuta yatokanayo na petroli, ilhali mafuta ya breki ni kemikali ya namna nyingine kabisa. Sili hufura, hulainika na kuanza kuvuja. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwani ATF ikiingia kwenye breki huharibu mipira ya huko na gari linaweza kukosa breki. Anayegundua amekosea kabla ya kuwasha injini ana bahati. Ayavute yote yatoke na kusafisha mfumo kabla ya kugusa ufunguo.

Kuhusu neno Dexron, mnunuzi ajue jambo moja. Kampuni ya General Motors, ambayo ndiyo mmiliki wa jina hilo, ilileta Dexron VI mwaka wa 2005 na baadaye ikaacha kutoa leseni za Dexron III. Chupa mpya inayodai kutimiza kiwango cha Dexron III leo inasimama kwa jina la aliyeitengeneza tu. Chagua kampuni unayoijua, chupa iwe na muhuri ambao haujavunjwa, na uepuke kabisa mafuta yanayopimwa kutoka kwenye pipa au kumiminwa katika chupa za soda.

Kazi yenyewe

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni rahisi kiasi kwamba hata mtu ambaye hajawahi kushika spana anaweza kuifanya nje ya nyumba yake. Kinachohitajika ni lita moja na nusu hadi mbili za mafuta yanayofaa, glovu, vitambaa visivyotoa nyuzi, mtungi wa kutilia mafuta machafu na kitu cha kuvutia. Kwa mfugaji, sirinji kubwa ya mililita 60 inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo hufanya kazi hiyo vizuri, ikiunganishwa na kipande cha mpira mwembamba. Inunuliwe mpya, iwekewe alama, na isirudishwe kamwe kwa ng'ombe.

Gari liegeshwe mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kabla ya kufungua kifuniko, futa kikopo na sehemu zote zinazokizunguka. Vumbi la barabara za mashambani ndilo adui hapa, na chembe chache za mchanga zikiingia pampuni zitafanya kazi yote kuwa hasara.

Vuta mafuta machafu yote yanayofikika, kisha tia mapya hadi alama ya COLD, yaani kiwango cha injini baridi. Washa injini na uiache ingurume bila kukanyaga mafuta, zungusha usukani polepole upande mmoja hadi karibu na mwisho, kisha upande wa pili, mara tano au sita. Usiushikilie mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache. Hapo ndipo pampu huumia. Zima, vuta tena, tia mapya tena.

Wengi hufanya hivi mara moja na kudhani wamemaliza. Hesabu inaonyesha vingine. Tuseme mfumo mzima unabeba lita moja na kikopo kinashika theluthi yake. Mzunguko wa kwanza huondoa theluthi tu ya mafuta machafu. Kwa kuwa mapya huchanganyika na yaliyobaki, baada ya mara tatu mafuta mapya yatakuwa asilimia 70 hivi, na baada ya mara tano yatakaribia asilimia 87. Ndiyo maana lita moja haitoshi kwa gari lililosahauliwa miaka kumi. Si lazima yote yafanywe siku moja. Mwenye gari anaweza kufanya mzunguko mmoja kila wikendi huku akiendelea na shughuli zake, na wengine huona hii ni bora kwa kuwa mafuta mapya hupata muda wa kuzunguka na kubeba uchafu.

Njia ya pili ni ya kuyatoa mafuta yote kwa wakati mmoja, na inataka watu wawili. Magurudumu ya mbele huinuliwa kwa jeki na gari kukalishwa kwenye stendi za chuma. Mawe, matofali na vipande vya mbao havifai. Watu wamefia chini ya magari yaliyoegemezwa hivyo. Mpira wa kurudisha mafuta, ambao kwa kawaida ni ule uliobanwa kwa klipu ya kawaida na si ule mnene wenye nati za chuma, hutolewa kwenye kikopo na ncha yake kutumbukizwa kwenye chupa tupu. Tundu lililobaki kwenye kikopo huzibwa kwa kizibo kinachokaza.

Hapo mmoja huzungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, na mwingine humimina mafuta mapya kikoponi bila kukiacha kikauke. Mafuta machafu yatatoka kwa mikupuo kwenye chupa. Yanapoanza kutoka yakiwa mekundu na safi, kazi imekwisha. Baadhi ya mafundi huwasha injini ili kuharakisha, lakini pampu inaweza kumaliza kikopo kwa sekunde chache na kubaki ikisagana bila mafuta. Kwa mtu wa nyumbani, haraka hiyo haina faida.

Kama kikopo kinatoka kwa boliti mbili tatu, kama ilivyo kwa magari mengi, huu ndio wakati wa kukitoa na kukiosha. Lile chujio la ndani likizibwa, pampu hukosa mafuta na kuvuta hewa, na kilio chake ni kile kile cha pampu iliyokufa. Hilux ya Kinangop ilikuwa na tatizo hili. Kikopo kilioshwa, mafuta yakabadilishwa mara mbili ndani ya juma moja, na pampu iliyokuwa itupwe ikanyamaza. Si kila pampu huwa na bahati hiyo, hasa ikiwa imelia kwa muda mrefu.

Baada ya kurudisha mpira mahali pake, hewa iliyobaki ni lazima itolewe. Gari likiwa bado limeinuliwa na injini imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 15 au 20 polepole huku ukiongeza mafuta yanaposhuka. Ndipo uwashe injini na kurudia mara chache. Ukiona povu au mafuta yenye rangi kama ya chai ya maziwa, bado kuna hewa. Zima, acha gari lipumzike nusu saa, kisha jaribu tena. Kelele kidogo mwanzoni isikutie hofu.

Jihadhari na mafuta yanayomwagika. ATF ikidondokea bomba la moshi lililo moto inaweza kushika moto, na ikilowesha mshipi itaufanya uteleze na kupiga mluzi. Nguo zilizolegea na mikono mirefu ya sweta zikae mbali na mshipi na feni injini inapozunguka.

Usukani mzito si mafuta siku zote

Wapo watu ambao wamebadilisha mafuta na kukuta usukani uko vile vile, wakamlaumu aliyewauzia. Kabla ya kununua chochote, pima upepo wa matairi ya mbele. Tairi laini chini ya mzigo hufanya usukani uwe mzito hata kama pampu ni mpya. Angalia pia mshipi. Ukiwa umelegea, usukani husaidika kwa vipindi na kukataa ghafla, hasa wakati wa mvua maji yanapourukia. Viungo vya magurudumu vilivyokauka grisi navyo hukaza usukani, na hili huonekana sana kwenye magari ya barabara za matope.

Mafuta yanayopungua kila wiki ni ishara ya uvujaji. Mfumo huu umefungwa, wala hauli mafuta kama injini iliyochoka. Kagua mipira, maungio na zile soksi za mpira zilizoko kwenye ncha mbili za reki. Ukiibonyeza soksi na kuhisi imejaa mafuta, sili za ndani zimekwisha. Usitafute tundu kwa kupapasa mpira wa pampu kwa mkono injini ikiwa inazunguka, kwa kuwa mchirizi mwembamba wenye nguvu kiasi hicho unaweza kupenya ngozi. Tumia kipande cha kadibodi.

Dawa za chupa zinazotangazwa kuziba uvujaji hufanya kazi kwa kuzivimbisha sili. Zinaweza kumfikisha mtu sokoni na kurudi, lakini reki iliyochakaa haiponi kwa dawa, na sili iliyovimbishwa mara moja huishia kulegea zaidi. Fedha hizo ni afadhali ziwekwe kando kwa ajili ya sili mpya. Na fundi anayesema pampu imekufa kabla ya kutazama rangi ya mafuta, chujio na mshipi anapaswa kuombwa avitazame kwanza. Lita mbili za mafuta ni sehemu ndogo tu ya bei ya pampu, hata ile iliyotumika, na reki ni ghali kuliko pampu.

Mafuta machafu nayo yasimwagwe shambani wala mtaroni. Wengi huyapaka kwenye vikingi vya ua kuzuia mchwa, lakini mvua huyaosha hadi kwenye kisima na mto, na ng'ombe hulamba vikingi. Yakusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na kupelekwa kwenye karakana au kituo cha petroli kinachopokea oili iliyotumika.

Kazi ikiisha, endesha gari kilomita chache bila mzigo, rudi na upime tena mafuta yakiwa moto, wakati huu kwa alama ya HOT. Usiku huo tandaza kadibodi safi chini ya injini. Asubuhi ikiwa kavu, gari linaweza kupakiwa kabeji; ikiwa na matone mekundu, kaza klipu ya mpira wa kurudisha kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndiyo iliyosahauliwa.